Kabla Hujamuua Mhusika: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Vikundi vya uigizaji vya Kisumu, Kakamega na hapa kwetu Nakuru hunitafuta kwa sababu moja kuliko zote: wameamua kumuua mtu. Tamthilia yao imefika sehemu ya kumi na kitu, kuna mhusika hashiki, na wanataka niwachagulie kati ya bodaboda na ugonjwa. Nami huwauliza, anaumwa nini? Kimya. Wengine hukata simu wakidhani ninajivuta ili nilipwe zaidi.

Mwongozo huu ni wao. Ni wa anayeandika tamthilia ya mfululizo ya redio, ya YouTube au ya jukwaani, mwenye waigizaji wanane, kamera moja ya kukodi na pesa za siku tatu. Soma dalili inayofanana na yako, zingine ruka. Ila kipimo cha kwanza kifanye hata kama unaona ugonjwa umeshaujua.

Kipimo cha kwanza: kauntabuku

Duka ninalonunua unga Kaptembwo lina kauntabuku iliyochakaa pembe, na ndani yake mtaa mzima umeandikwa. Ukitaka kujua nani amepata kibarua, nani amekosana na mkewe, nani siku hizi anapitia njia ya nyuma, usisumbue majirani, kitabu kinasema. Asiyekopa wala kukopesha hana ukurasa, na mwenye duka hata jina lake halikumbuki.

Nunua kauntabuku yako. Kila mhusika mpe ukurasa, uupige mstari katikati. Kushoto andika anadaiwa nini na nani. Kulia andika yeye anamdai nani, na anamdai nini. Pesa ni sehemu ndogo ya hesabu hii. Siri ni deni. Ahadi, mtoto wa nje, karo iliyolipwa na mjomba, kofi la mwaka juzi, shukrani ambayo haijawahi kutamkwa, yote ni madeni. Usiandike tabia. "Mkarimu", "mlevi", "ana wivu" hayahesabiwi, maana hakuna atakayekuja kubisha mlango alfajiri kudai ukarimu.

Mchukue Papa Shirandula wa kile kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Kenya. Ukimweleza kwa tabia utasema ni mcheshi mwenye kitambi, na wacheshi wenye kitambi wamejaa. Kwa kauntabuku, ni soja wa langoni ambaye mkewe Wilbroda anaamini mumewe ana kazi ya ofisini. Basi. Yeyote anayepita lile lango anaweza kumuumbua, kwa hiyo kila anayeingia ni mdai. Waandishi wa namna hiyo hawahangaiki kumtafutia mtu la kufanya. Charles Bukeko, aliyemwigiza, alipofariki tarehe 18 Julai 2020 na kupelekwa kuzikwa kwao Busia, jirani yangu mmoja alimlilia Papa. Jina la Bukeko alilisikia siku hiyo.

Ukurasa wa mhusika wako ukiwa mtupu pande zote mbili, huyo alishakufa zamani. Unachopanga wewe ni mazishi tu. Sasa dalili.

Yupo kila sehemu, hakuna anayemtaja

Hii ndiyo inayowapata wengi, na mimi niliijua kwa kuungua. Tulikuwa tunapiga tamthilia ya YouTube Nyalenda, Kisumu, na ndani yake kulikuwa na nesi wa zahanati. Aliyemwigiza alikuwa hodari kuliko sisi sote: mama wa makamo aliyepanda jukwaani tangu wengine wetu tukiwa shule ya msingi. Sehemu kumi na moja zilikuwa zimeshatoka. Watazamaji walimtaja kila mtu kwenye maoni yao, hadi mbuzi wa jirani aliyekatiza nyuma ya kamera. Nesi hawakumtaja hata mara moja.

Jioni moja tunasubiri jua lipungue, akaniita. "Kijana wangu, mimi hapa nimeletwa kubeba chai. Nawauliza tu 'halafu ikawaje?' Ukiniondoa, chai itajibeba."

"La, Mama, wewe ndiwe nguzo yetu."

Nilikuwa namdanganya, na akanitazama kama mtu anayejua anadanganywa lakini ameshazoea.

Kipimo cha dalili hii ni rahisi. Chukua skripti moja, mfute mhusika huyo kabisa, kisha isome kwa sauti. Kama hakuna mwenzake aliyelazimika kubadilisha hata neno, umempata mgonjwa. Nilifanya hivyo usiku ule kwa sehemu tatu. Kilichopungua kilikuwa karatasi.

Chanzo huwa kimoja kati ya vitatu, na dawa hazifanani.

Huenda aliajiriwa kuwa sikio. Mwandishi ana jambo la kueleza, anaona haya kumwacha shujaa azungumze peke yake, basi anamleta mtu wa kuuliza maswali. Nesi wetu alikuwa wa aina hii. Hatukumuua. Tuliandika kwamba ndiye aliyemzalisha mama ya kijana wetu mkuu, na kwamba kwa kuombwa alijaza kwenye kadi ya kliniki jina la baba asiye baba. Kwake hatukubadilisha mstari hata mmoja. Bado alibeba chai, bado aliuliza "halafu ikawaje?" Lakini sasa kila akiuliza, mtazamaji anajua anachungulia kama siri imetoka. Sehemu ya kumi na nne ikamfanya yule kijana aanze kumtembelea msichana ambaye, kwa hesabu ya nesi, ni dada yake. Wiki iyo hiyo Mama alikuwa akinunua nyanya soko la Kibuye, mwanamke asiyemjua akamshika mkono na kumwambia, "Mwambie huyo mtoto mapema, usingoje mahari ipelekwe." Alinipigia simu akicheka hadi salio likaisha.

Huenda pia aliletwa kwa ajili ya mtu. Mwenye nyumba mnayopigia picha bure ana binti, na binti anataka kuonekana. Hili halina dawa ya skripti. Mpe matukio mawili yenye mwanga mzuri, mshukuru mzazi, endelea na kazi.

Chanzo cha tatu ni ujumbe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndicho kinachoua tamthilia nyingi za ukanda wa ziwa. Pesa zetu hutoka kwa miradi: ukimwi, malaria, mimba za mapema, amani ya uchaguzi. Mradi unataka mhusika mwema wa kuigwa, nasi tunamwandika mwema tangu sentensi ya kwanza. Tazama skripti za jaboya, ile desturi ya mchuuzi kulazimika kulala na mvuvi ndipo auziwe samaki. Niliyoletewa mwisho ilikuwa na mama anayekataa katika sehemu ya kwanza, akakataa ya pili, akakataa ya tatu, na ya tano akapewa cheti mbele ya chifu. Mvuvi hamdai chochote. Yeye hamdai mvuvi chochote. Anakataa kwa urahisi kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Mpe ukurasa. Mvuvi huyo ndiye aliyelipa karo ya muhula wa kwanza ya mwanawe, wakati ule bila kuomba kitu. Jumanne boti inaingia, samaki ni wachache, wanawake ishirini wameshika beseni, na anayegawa ni yeye. Anamtazama. Hasemi neno. Sasa akikataa tunajua anachokipoteza, na akikubali hatuthubutu kumcheka.

Miguel Sabido wa Mexico, aliyetengeneza tamthilia za kuelimisha miaka ya 1970, aliwapanga wahusika makundi matatu: wema, wabaya, na wa katikati wanaoyumba hadi wabadilike. Mzigo wa hadithi aliwatwika hao wa katikati. Njia hiyo ilifika hadi Afrika Mashariki. Twende na Wakati, iliyoanza Redio Tanzania mwaka 1993, ilikuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju ambaye mwenendo wake ulimfikisha kwenye ukimwi na kaburi. Watu humkumbuka yeye. Mimi macho yangu yako kwa mkewe, Tunu, aliyeanza kwa kuvumilia na akaishia kusimama kwa miguu yake. Sisi huchukua mwema na mbaya, halafu Tunu tunamwacha stendi.

Wanamchukia

Usifurahi wala usiogope kabla hujasoma maoni yao vizuri. Kuna chuki tamu na kuna chuki chungu.

Tamu ni ile yenye maelezo. "Huyu mama alimwekea sumu mwenzake, na bado anakaa kiti cha mbele kanisani!" Mtu kama huyo usimguse. Waliokuwa na televisheni nyumbani miaka ya 1990, au jirani mwenye televisheni na moyo mwema, wanawakumbuka Ridge na Brooke wa The Bold and the Beautiful, ile tamthilia ya mapenzi ya Marekani. Sheila Carter hakuzaliwa mle. Alikuwa wa tamthilia dada, The Young and the Restless, na watu walimchukia vizuri kiasi kwamba mwaka 1992 alihamishwa na uovu wake wote, kama ng'ombe wa maziwa anavyohamishwa boma.

Chungu huandikwa kwa maneno mawili: "Nani huyu?" Mfano ninaoupenda si wa tamthilia ya mapenzi bali ni wa Lost ya Marekani. Katika msimu wa tatu, Nikki na Paulo waliibuka wakizungumza kana kwamba wamekuwa kwenye kile kisiwa tangu ndege ianguke, ilhali watazamaji walikuwa wamekaa misimu miwili bila kuwaona. Mwaka 2007 waandishi waliwafukia wakiwa hai, na sijasikia aliyeomba wafukuliwe. Kosa la waigizaji silioni. Walikaribishwa mezani bila mtu yeyote pale kuwa na deni lao.

Kwa hiyo mgeni atangulizwe na deni lake. Sehemu tatu kabla hajabisha, mtu mmoja aache kupokea simu fulani. Mwingine aulize, "Ametoka jela?" Akifika, hata akisimama mlangoni bila kusema, wenye nyumba wote watakuwa wameacha kutafuna.

Ni lafudhi peke yake

Mluhya anayelilia kuku, Mjaluo anayejisifu kwa Kiingereza, Mkikuyu anayehesabu sarafu. Hizo ni lafudhi tatu. Wahusika bado hawajafika.

Kipimo: ukurasa mmoja wa mazungumzo, mbadilishe kabila. Kisichobaki hakikuwa mtu. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi alituigizia Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kwa lafudhi ya Kijaluo hadi nimewakuta watu Kondele wakiapa ni wa kwao. Lafudhi iliwachekesha mara ya kwanza. Kilichowarudisha wiki iliyofuata ni Mama Kayai aliyekuwa nyumbani akimngoja ajieleze.

Upande mwingine kuna familia ya Ferreira, yenye asili ya Goa, iliyoingizwa EastEnders ya Uingereza mwaka 2003. Ilipofika 2005 hakuna aliyebaki. Mwigizaji wa baba, Dalip Tahil, alikwama kwenye mambo ya kibali cha kazi akatoka mapema, na hadithi iliyoegemezwa juu yake ikabaki nyumba bila paa. Funzo ninalolichukua hapo ni la kifundi: usiiunganishe familia nzima na mtaa kupitia mtu mmoja. Kila mtoto awe na jirani wake wa kumdai.

Mwigizaji hapatikani

Amepata kazi Qatar. Ameitwa chuo cha uuguzi. Ameolewa Siaya na mume hataki mambo ya kamera. Ni msimu wa kampeni na mgombea amemkodi kuwa mshereheshaji, na mgombea hulipa siku hiyo hiyo. Hapa mhusika ni mzima kabisa. Kilichoharibika ni mwili wake.

Watu hukimbilia kifo kwa sababu hakihitaji mwigizaji. Kuna njia tatu kabla ya hapo.

Ya kwanza ni safari, na watu huidharau kwa kuwa huandikwa ovyo. "Ameenda Mombasa kwa shangazi" haitoshi. Aondoke akiwa anadaiwa. Na kabla hajapanda ndege, mkalishe dakika arobaini, mrekodi jumbe za sauti za WhatsApp kumi na mbili: tatu za hasira, tatu za mapenzi, moja ya kulia, moja isiyokamilika, zilizobaki za kawaida tu kama "nimefika" na "usimwambie Mama". Tuliishi na jumbe kama hizo miezi mitano. Ile isiyokamilika ilizaa sehemu mbili zenyewe, watu wakibishana alitaka kusema nini. Gharama ilikuwa soda na nauli ya kurudi Kondele.

Ya pili ni kubadilisha mwigizaji. Kwenye redio unaweza kupata sauti inayokaribia, ukampa mafua ya wiki moja, ukavuka. Kwenye picha ni kazi, hasa kwetu ambapo mtu huitwa jina la mhusika hadi kwenye foleni ya benki. Ukiamua, usiombe radhi na usieleze sana. Dynasty ya Marekani ilimpeleka Steven Carrington kwenye mlipuko wa mtambo wa mafuta, akarekebishwa uso na madaktari, na miaka ya 1980 watu wakameza. Yule Ridge wa The Bold and the Beautiful hakuelezwa hata kidogo: Ronn Moss aliondoka mwaka 2012, kiti kikakaa zaidi ya mwaka bila mtu, na Desemba 2013 Thorsten Kaye akaingia akiitwa Ridge. Nadhani ule mwaka mtupu ndio uliosaidia. Sura ya zamani ilipewa muda wa kufifia.

Lakini fundi wa mafundi katika hili ni Days of Our Lives, nayo ya Marekani. Mwaka 1986 alitokea mwanamume asiyejikumbuka, akiigizwa na Drake Hogestyn, na ikaelezwa kwamba ni Roman Brady aliyefanyiwa uso mpya. Miaka ikapita. Mwaka 1991 Wayne Northrop, Roman wa zamani, akarudi kazini. Sasa kuna Roman wawili! Wengine wangemtupa mmoja kwenye maporomoko. Wao waliuliza swali lililokuwa mbele yao: kama huyu ndiye Roman, yule aliyelala kwenye kitanda chake miaka yote ni nani? Akawa John Black, na kutojua kwake kukawalisha waandishi kwa miongo. Kosa la mikataba liligeuzwa kuwa ukurasa uliojaa pande zote.

Ya tatu ni kuyamaliza madeni ya mhusika kwenye hadithi, kisha aage. Nitaifikia kwenye kifo, maana hesabu yake ni ile ile.

Skripti ni nzima, mhusika anaondolewa

Ukiona mwongozaji anakuletea wazo la ajali ghafla, na mhusika mwenyewe ana ukurasa uliojaa, funga kauntabuku ya hadithi na uulize kuhusu ile nyingine, ya malipo.

Hili ni la tangu zamani. Usiku wa Septemba 22, 1955, ITV ilipoanza matangazo Uingereza, redio ya BBC ilimchoma Grace wa The Archers katika moto wa zizi la farasi, na asubuhi nchi ilizungumza juu ya moto badala ya televisheni mpya. Miaka mingi baadaye mwigizaji wake, Ysanne Churchman, alisema aliondolewa kwa sababu alidai malipo sawa na wanaume. Afrika Kusini, Agosti 2014, waigizaji 16 wa Generations waligoma kwa ajili ya malipo na mikataba, wakafutwa wote. Tamthilia ilirudi Desemba ikiwa na jina jipya, Generations: The Legacy. Ilikuwa tamthilia yenye watazamaji wengi kupindukia, na hata hivyo njia waliyoiona ni kubandua sura nzima.

Nami nimo. Kikundi kimoja nilichoandikia kilikuwa hakijawalipa waigizaji wiki saba. Kijana mmoja alisimama kwenye mkutano akasema wazi. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa rafiki wa mwenye kamera, na usiku huo nilimgongesha kwenye kona ya barabara ya Kericho ndani ya mistari minne. Watazamaji walilalamika wiki mbili, kisha wakapungua. Ukurasa wa yule kijana ulikuwa na madeni tisa, na hakuna hata moja nililolilipa. Yalibaki yananing'inia hadi tamthilia ikafa yenyewe. Sikuwa nimemrekebisha mhusika. Nilikuwa nimeficha risiti. Ukifikia hapo, utatuzi ni kumlipa mtu pesa zake, na kama hakuna pesa, kusimamisha upigaji hadi zipatikane.

Umeshamuua na sasa unajuta

Swali langu la kwanza: tuliona kaburi?

Huku magharibi mazishi si tukio la sekunde kumi. Mtazamaji akishaona mwili umerudishwa nyumbani, turubai, wazee wakibishana mahali pa kuchimba, disko matanga, shemeji akisoma wasifu, na udongo ukimwagwa ndani ya boma, huwezi kumrudisha mtu huyo. Umewatumia majirani wote kama mashahidi. Lakini kama kilichoonekana ni kiatu kando ya ziwa, mlango uko wazi. Harold Bishop wa Neighbours ya Australia alichukuliwa na bahari mwaka 1991 ikabaki miwani, na mwaka 1996 akapatikana, kumbukumbu zimempotea. Taylor wa The Bold and the Beautiful alidhaniwa amekufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1994, kumbe yuko Moroko akitunzwa na mwana wa mfalme, na huku nyuma Ridge ameshamwoa Brooke. Hapo kurudi kwenyewe ni deni jipya. Ndiyo maana kulifaa.

Kusikofaa ni kurudi kunakofuta. Bobby Ewing wa Dallas ya Marekani alikufa mwaka 1985 kwa sababu Patrick Duffy alitaka kuondoka. Mwaka mmoja baadaye Duffy akarudi, na Pam akamkuta Bobby bafuni akioga: msimu mzima, sehemu 31, ulikuwa ndoto. Ndoa, ugomvi, chochote ulichokifuatilia mwaka ule, kitabu kilichanwa. Mbaya zaidi, Knots Landing, tamthilia ya jirani iliyozaliwa kutokana na Dallas, ilikuwa imeshamlilia Bobby na haikuwa na ndoto ya kuamkia. Huko akabaki marehemu. Tangu hapo tamthilia hizo mbili zikaacha kutembeleana, kama koo zilizokosana kwenye matanga.

Kwa asiyeua bado: fungua ukurasa wa marehemu mtarajiwa, na kila deni liandikie mrithi. Ukimuua mume, mjane anarithi shemeji, hati ya shamba, na swali la nani atalala wapi baada ya siku za matanga. Hapo kifo kinafanya kazi. Susan Flannery alipostaafu mwaka 2012 baada ya kumwigiza Stephanie, mama yake Ridge wa The Bold and the Beautiful, tangu 1987, waandishi wangeweza kumlaza hospitalini akizungukwa na watoto. Walimpa saratani ya mapafu na wakamfanya afie mikononi mwa Brooke, mwanamke aliyempiga vita miaka 25. Deni kubwa kuliko yote kwenye ukurasa wake, na mdai ndiye aliyemshika.

Wamezidi

Wahusika ishirini na tatu, waigizaji wanane, wengine wanavaa miwani kuonyesha kwamba sasa ni mtu mwingine. Usilete ajali ya matatu ya kuwafagia. Emmerdale ya Uingereza iliangusha ndege juu ya kijiji tarehe 30 Desemba 1993 na ikafanikiwa, lakini hata wao waliua wachache tu na wakatumia miezi kuwashughulikia waliobaki. Wewe unganisha. Mwalimu anayedaiwa na mwenye nyumba, na fundi anayemdai mchumba, wanaweza kuwa mtu mmoja. Kurasa mbili nusu zikiwa moja, mara nyingi ndipo mhusika anapoanza kupumua.

Kabla hujanipigia

Nitumie picha ya ukurasa wake kwenye kauntabuku, si tukio la ajali. Niandikie pia nani alimwona mara ya mwisho na walikuwa wameachana vipi. Kama kuna malipo hayajatoka, hilo lije juu kabisa ya ujumbe. Na kama mwigizaji anasafiri wiki ijayo, usinisubiri: nunua soda, mrekodi zile jumbe kumi na mbili leo.